Mashindano mengi, mwili mmoja

Ndugu msikilizaji, mwezi Aprili mwaka 2024, wakati sisi wa Kibiti na Rufiji tulipokuwa tukihesabu mashamba yaliyomezwa na mafuriko, ilitoka habari moja ya michezo huko Marekani ambayo yamkini ilitupita. Mwanamke mcheza gofu, Nelly Korda, alikuwa ameshinda mashindano matano mfululizo, yaani kila aliposhuka uwanjani. Ya tano yalikuwa ya Chevron, ambayo ni miongoni mwa mashindano matano makubwa kuliko yote ya gofu ya wanawake duniani. Yalimalizika Jumapili ya tarehe 21. Jumatatu yake akatangaza kwamba anajitoa katika mashindano ya wiki ile, yaliyokuwa yafanyike Los Angeles. Sababu aliyotoa ni kwamba mashindano manne ndani ya wiki tano yamemchosha mwili na akili.

Wapo walioshangaa. Mtu ambaye nyavu zake zinajaa kila anapozitupa, kwa nini azikunje? Lakini nadhani mvuvi wa Salale au wa Mbwera hawezi kushangaa. Yeye anajua kwamba mwezi una bamvua na una maji mafu, na kwamba siku za maji mafu si siku za uvivu. Ndizo siku za kushona nyavu, kukalafati chombo na kulala usingizi wa kutosha. Asiyeshona nyavu zake siku hizo, bamvua likirudi samaki watapitia katika matundu.

Leo basi napenda tuzungumze juu ya jambo hilo: namna wanawake wanaocheza gofu kwa kulipwa wanavyopanga ratiba zao, wakati mashindano yanazidi kuongezeka mwaka hata mwaka. Huku kwetu, kuanzia Bungu hadi ng'ambo ya daraja la Mkapa, hakuna kiwanja cha gofu, na wengi wetu mchezo huu tunauona katika televisheni tu. Hata hivyo, jambo lenyewe linamhusu kila mwanamke anayetaka kuishi kwa jasho la michezo, na wa kwetu wakiwemo.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ya namna gani. Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo, na haruhusiwi kuwa na fimbo zaidi ya 14, mpaka mpira uingie katika kila shimo. Anayemaliza kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Mzunguko mmoja huchukua saa nne hadi tano za kutembea juani, na mwendo wake huweza kupita kilometa nane. Mashindano ya kawaida ni ya siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili.

Siku hizo nne lakini ndizo tunazoziona sisi watazamaji. Jumatatu ni ya safari. Jumanne ni ya kuukagua uwanja, maana viwanja vya gofu havifanani hata viwili: huu una upepo wa bahari, ule una miti mikubwa, na mwingine nyasi zake zinauvuta mpira upande usioutarajia. Jumatano mara nyingi mchezaji hucheza pamoja na wageni wa wadhamini. Hao ndio wenye fedha, kwa hiyo si siku ya kukunja uso. Jumapili jioni mizigo inafungwa, na Jumatatu ni uwanja wa ndege tena.

Kisha kuna mchujo. Baada ya siku mbili za mwanzo, takriban nusu ya wachezaji hutolewa. Anayetolewa siku ya Ijumaa kwa kawaida hapati hata senti moja, ingawa nauli alikwishalipa, hoteli alikwishalipa, na kedi aliyembebea mfuko wa fimbo anataka ujira wake. Ikumbukwe kwamba mcheza gofu hana mshahara kama mchezaji wa Simba au Yanga. Yeye ni kama mwenye mtumbwi wake mwenyewe: akipata ni kwake, akikosa ni kwake, na mafuta ya mashine lazima yanunuliwe kabla ya kutoka ufukweni.

Zamani tatizo halikuwa wingi wa mashindano. Mwaka 1950, wanawake 13 wa Marekani waliunda chama cha wacheza gofu wa kulipwa, kinachojulikana hadi leo kwa jina la LPGA. Mwaka ule mashindano yao hayakuzidi 15, na zawadi zote kwa pamoja zilikuwa kama dola 50,000. Mwaka 2023 zawadi za chama hichohicho zilipita dola milioni 100. Huko Ulaya wanawake walianza ziara yao mwaka 1978, nayo imepanda na kushuka kama maji ya mkono wa mto. Mwaka 2017 ilibakiwa na mashindano 15 tu, na baadhi ya wachezaji walilazimika kutafuta kazi nyingine ili waishi. Kufikia mwaka 2022 mashindano yalikuwa karibu 30, katika mabara kadhaa.

Neno hili "ziara" nalo linahitaji maelezo. Si ligi yenye uwanja wa nyumbani na wa ugenini. Ni msafara. Kila wiki mashindano yako mji mwingine, au nchi nyingine, na mchezaji anayafuata. Wavuvi wetu wangesema ni kwenda dago: unaondoka kwenu, unapiga kambi mahali samaki walipo, na samaki wakihama nawe unahama. Tofauti ni kwamba dago la mcheza gofu linaweza kuhama kutoka Afrika kwenda Asia ndani ya siku mbili.

Mfano ulio karibu nasi ni Vipingo, kaskazini ya Mombasa, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Ziara ya Ulaya ya wanawake ilifika hapo kwa mara ya kwanza Desemba 2019. Ikasimama kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikarudi Februari ya mwaka 2022, ya 2023 na ya 2024. Mara mbili za mwanzo alishinda Mjerumani Esther Henseleit, yule ambaye baadaye alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Tazameni sasa ratiba ya mwaka 2023. Wiki ya kwanza ya Februari, Aditi Ashok kutoka India alishinda pale Vipingo kwa tofauti ya mikwaju tisa. Wiki ya pili msafara ulikuwa Rabat, nchini Morocco, katika uwanja ambao kwa bahati unaitwa Dar Es Salam, majina na jiji letu. Wiki ya tatu ulikuwa Saudi Arabia, ambako Aditi alimaliza wa pili nyuma ya Lydia Ko wa New Zealand. Nchi tatu ndani ya wiki tatu, na katikati hakuna ndege ya kumchukua mtu Mombasa ikamshusha moja kwa moja mlangoni pa Rabat. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwamba kupanga safari na usingizi ni sehemu ya mchezo kama kupiga mpira kulivyo.

Je, hupanga vipi? Kwa wale walio juu, mwaka huanza kwa kalenda na kalamu. Huweka alama kwanza kwenye mashindano makubwa matano, ambayo yana fedha nyingi na heshima kubwa. Kisha hurudi nyuma kuhesabu: wiki ipi niwe nimepumzika, wiki ipi nicheze ili mikono izoee, wiki ipi nikae nyumbani na mwalimu wangu kurekebisha kasoro. Wengi hujiwekea mipaka, kwa mfano wasicheze zaidi ya wiki tatu au nne mfululizo. Mashindano yanayobaki nje ya hesabu hiyo huachwa, hata kama zawadi yake ni nzuri.

Nelly Korda alifanya hivyo kabla hata ya ile Aprili. Januari 2024 alishinda huko Florida, kisha akakaa wiki saba bila kucheza, akiiacha safari nzima ya Asia. Aliporudi mwezi Machi alishinda mashindano manne ndani ya mwezi mmoja. Wamarekani walikuwa hawajaona mfululizo kama huo tangu enzi za Annika Sorenstam wa Sweden mwaka 2005, na kabla yake Nancy Lopez mwaka 1978. Lakini tusifanye mapumziko kuwa hirizi. Mei alirudi akashinda tena, kisha katika US Women's Open akashindwa hata kuuvuka mchujo. Mapumziko humpa mtu nguvu za kushindana. Hayampi ahadi ya kushinda.

Wako pia walioamua kupumzika moja kwa moja. Lorena Ochoa wa Mexico alikuwa nambari moja duniani mwaka 2010 alipostaafu, akiwa na miaka 28, akisema anataka maisha mengine. Mwaka 2024 Lexi Thompson wa Marekani, aliyeingia katika gofu ya kulipwa akiwa na miaka 15, alitangaza akiwa na miaka 29 kwamba hataendelea kucheza msimu mzima, na akazungumza waziwazi juu ya mzigo wa upweke na wa akili unaoambatana na maisha hayo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanaume wachezao gofu hawaulizwi mara nyingi: watoto wabaki na nani? Akina mama wa delta wanalijua swali hili vizuri. Msimu wa mpunga ukifika, mama anahamia shambani, anapanda juu ya dungu kuwalinda ndege na nguruwe, na jambo la kwanza la kuamua ni kama mtoto atakwenda naye au atabaki kijijini apate kwenda shule. Mcheza gofu naye yuko katika hali hiyo kila wiki ya mwaka.

Chama cha LPGA kilitafuta jibu mapema. Tangu mwaka 1993 kimekuwa na kituo cha kulelea watoto kinachohama pamoja na mashindano, chenye walezi walewale na vitu vilevile vya kuchezea, hata kama mji umebadilika. Mama anamwacha mtoto asubuhi, anakwenda kucheza, anamchukua jioni. Mwaka 2019 chama hicho kilirekebisha pia kanuni za likizo ya uzazi, ili mchezaji anayejifungua asipoteze nafasi yake kwa sababu hakucheza.

Huenda mtu akasema huo ni upole tu. La hasha. Mwaka 2009 Catriona Matthew wa Scotland alishinda mashindano makubwa ya wanawake ya Uingereza, wiki 11 tu baada ya kujifungua mtoto wake wa pili, akiwa na miaka 39. Ushindi ule ulikuwa wa jitihada zake, lakini jitihada pekee hazimbembelezi mtoto akilia saa nane za usiku. Penye bingwa mwenye mtoto mchanga, pana watu waliomshika mkono.

Mpaka hapa tumezungumza habari za walio juu. Lakini ndugu msikilizaji, kiini cha mazungumzo ya leo kiko kwa walio chini, kwa sababu si kila mtu ana uwezo wa kusema "wiki hii sichezi".

Chukueni mashindano ya Vipingo. Zawadi zote kwa jumla zilikuwa euro 300,000, na mshindi alichukua 45,000. Zilizobaki waligawana waliovuka mchujo, kila mmoja kwa nafasi yake, na wa mwisho walipata kidogo sana kulinganisha na nauli waliyotumia. Msimu ukiisha, wenye pointi za kutosha hubakiza kadi zao, yaani haki ya kucheza mwaka unaofuata. Waliokosa hurudi kwenye mashindano ya kufuzu, ambako watu wengi hugombea nafasi chache. Hivyo mchezaji wa nafasi ya 90 hufanya hesabu tofauti na ya bingwa. Nikipumzika wiki hii, wenzangu watanipita kwa pointi. Nikicheza, nauli itamaliza akiba. Goti linauma, lakini Oktoba iko karibu. Anacheza.

Na hapa ndipo kukua kwa ziara kunapoleta kinyume. Tunadhani mashindano yakiwa mengi basi nafasi zimeongezeka kwa wote. Kwa bingwa ni kweli, kwa maana ana mengi ya kuchagua. Kwa maskini, kila mashindano mapya ni nauli mpya ya kutafuta, na kila ambayo hakwenda ni pointi alizowaachia wengine. Ratiba iliyo nene humpa mwenye nacho uhuru, na humwongezea mzigo asiye nacho, isipokuwa wenye ziara wamefanya jambo la kumsaidia.

Wapo wanaobahatika. Februari 2024 pale Vipingo alishinda Shannon Tan wa Singapore, msichana wa miaka 19 aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia katika gofu ya kulipwa. Ushindi mmoja wa namna hiyo humpa mchezaji uhakika wa nafasi yake, na kuanzia hapo na yeye anaweza kuchagua wiki ya kucheza na wiki ya kulala. Lakini hatuwezi kupanga maisha ya wanawake wote wa mchezo kwa kutegemea bahati ya mmoja.

Na sisi Afrika Mashariki tuko wapi? Wanawake wetu wazuri wa gofu, kama Madina Iddi, Angel Eaton na Hawa Wanyeche wa hapa Tanzania, au Naomi Wafula wa Kenya aliyepata nafasi ya kucheza Vipingo, wamejulikana kama wachezaji wa ridhaa. Mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kuchukua zawadi kubwa za fedha. Anaiwakilisha nchi katika mashindano kama yale ya timu za wanawake wa Afrika, yanayochezwa kila baada ya miaka miwili, kisha anarudi kwenye shughuli nyingine inayomlisha. Ratiba yake ina mabwana wawili: mwenye mashindano na mwenye kazi. Ili acheze siku nne Arusha au Kampala, lazima aombe ruhusa ya wiki nzima.

Hapa nyumbani zimeonekana dalili njema. Mwaka 2024 yalianzishwa mashindano ya mfululizo ya Lina PG Tour, yanayochezwa kwa vituo katika viwanja mbalimbali vya nchi, kwa kumbukumbu ya marehemu Lina Nkya aliyeitumikia gofu ya wanawake. Jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini kabla hatujaanza kuhesabu mashindano mangapi yameongezeka, tuulize pia: je, ratiba inatoka mapema, ili mtu aombe ruhusa kazini? Je, vituo vilivyo jirani vimepangwa vifuatane, ili msichana wa Dar es Salaam asiende Kilimanjaro mara tatu kwa nauli tatu? Je, yuko mtu aliyefikiri juu ya mama mwenye mtoto anyonyaye? Maswali hayo hayahitaji mamilioni ya dola. Yanahitaji karatasi, kalamu na mtu anayewauliza wachezaji kabla ya kupanga.

Na hayo yanatuhusu hata sisi tusio na gofu. Tunapanga ligi za mpira wa miguu za wasichana, tunapanga netiboli, tunapanga michezo ya shule. Ukipanga mashindano ya wanawake wa vijiji vya delta wakati mpunga unaiva na ndege wamejaa, nusu ya timu iko juu ya madungu. Ukiyapanga bila kutazama maji, timu ya Maparoni itafika Nyamisati usiku, kwa sababu chombo kilisubiri maji yajae. Halafu tunasimama na kusema wasichana wetu hawana mwamko wa michezo. Mwamko wanao. Kalenda ndiyo haikuwauliza.

Kwa hiyo, tunaposikia bingwa amejitoa mashindanoni akiwa kileleni, tusiharakishe kusema anaringa. Anatumia haki ambayo wenzake wengi hawana, haki ya kukunja nyavu kabla hazijachanika. Kazi ya viongozi wa michezo, wa dunia na wa wilaya, ni kuifikisha haki hiyo kwa yule wa nafasi ya 90 pia, na kwa yule binti ambaye leo anacheza netiboli peku katika uwanja wa shule.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, ndugu msikilizaji, kwaheri.